Hakimu ameifuta, polisi bado wanayo

Watu wengi hudhani mtu mwenye hati ya kukamatwa lazima anajua. Yangu ilikaa kwenye jalada muda mrefu huku mimi nakwenda kazini, narudi nyumbani, nalala usingizi wa pono. Aliyetangulia kujua ni mjomba wangu, kwa sababu ndiye aliyenidhamini, na mahakama ikimkosa mshtakiwa humgeukia mdhamini.

"Mpwa wangu," aliniambia kwenye simu, "nimeletewa barua na mahakama. Wanataka nieleze kwa nini nisilipe zile fedha nilizotia saini. Uko wapi?"

"Niko kazini, mjomba."

"Kazini? Huku wanasema umetoroka."

Kesi yenyewe haikuwa ya kumfanya mtu atoroke. Ni shtaka la kuendesha gari bila uangalifu: magari mawili yaligusana kwenye mzunguko wa barabara, hakuna aliyeumia, kila mtu akaamini mwenzake ndiye mwenye makosa. Nilikana shtaka, nikapewa dhamana na tarehe ya kurudi. Siku hiyo nilifika mapema nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni: hakimu hayupo, kesi zote zitapangiwa tarehe nyingine. Dirishani waliandika namba yangu ya simu kwenye daftari, wakasema nitajulishwa. Sikujulishwa. Tarehe ikapangwa, ikafika, jina langu likaitwa koridoni, kimya. Mwendesha mashtaka akaomba hati, hakimu akaitoa. Simlaumu sana hakimu. Yeye huamua kwa kilichomo kwenye jalada, na humo hapakuwa na neno kuhusu ile karatasi ya mlangoni wala lile daftari la dirishani.

Habari ilipofika kwa ndugu na marafiki, ushauri ukamiminika. Mmoja alisema nitulie tu, baada ya muda mambo yatapoa. Huo ndio ushauri unaotolewa mara nyingi kuliko wote, na ndio unaoharibu zaidi, kwa sababu hati ya namna hii haipoi. Sheria ya mwenendo wa jinai ya Kenya, kwa mfano, inasema hati hudumu hadi itekelezwe au hadi ifutwe na mahakama iliyoitoa, na nchi nyingi zilizorithi sheria za Mwingereza zina kifungu kinachofanana na hicho. Miaka inayopita haiondoi kitu. Inachoongeza ni ugumu wa kueleza ulikuwa wapi muda wote huo.

Mwingine alikuwa na mtu wake kituoni ambaye angeweza "kuitoa hiyo karatasi". Tazama vizuri maneno ya sheria: inafutwa na mahakama iliyoitoa. Askari hana mamlaka hayo hata akitaka. Anachoweza ni kuificha nakala moja droo­ni kwake, huku jalada la mahakama liko vilevile, na wewe sasa una kosa la pili ambalo ni zito kuliko kugusana kwa magari.

Wa tatu, msomaji mkubwa wa habari, alinionya nisikanyage uwanja wa ndege maana Interpol watakuwa na jina langu. Hapo nilicheka. Ilani nyekundu ya Interpol kwanza si hati ya kukamatwa. Ni ombi kwa nchi wanachama zimtafute mtu na kumshikilia kwa muda wakati taratibu za kumrejesha zinaandaliwa, na kila nchi huamua yenyewe uzito wa kuipa. Pili, kwa mtu ambaye bado hajahukumiwa, kosa linapaswa kuwa zito, la kuweza kuadhibiwa kwa kifungo cha miaka 2 au zaidi. Ila kwenye uwanja wa ndege alikuwa amegusa jambo bila kujua: maofisa wa mpakani wa nchi yako mwenyewe wanaweza kuwa na jina lako bila Interpol kuhusika kabisa.

Mjomba hakunishauri kitu. Alinitafutia wakili.

Wakili huyu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, hakutaka kwanza kusikia habari za ajali. Alitaka namba ya kesi, kisha akaenda masjala kulisoma jalada. Alirudi na majibu ya maswali ambayo mimi nisingejua kuyauliza: hati imetolewa tarehe ngapi, ni kwa sababu ya shtaka jipya au ya kutofika, imeelekezwa kituo gani, na je, hakimu aliandika juu yake kwamba mtu akikamatwa aachiwe kwa dhamana. Hili la mwisho wengi hawalijui. Mahakama inaweza kuandika kwenye hati yenyewe kwamba mtuhumiwa akitoa dhamana ya kiasi fulani na wadhamini kadhaa, askari amwachie hadi tarehe ya kufika mahakamani. Kama maandishi hayo yapo, kukamatwa kunaweza kuisha kituoni. Kama hayapo, unalala ndani mpaka hakimu akuone. Yangu haikuwa nayo.

Aliponieleza tofauti ya hati na hati ndipo nilipoona kwa nini aliuliza lile swali la shtaka jipya. Hati ya kutofika inataka kitu kimoja tu, wewe usimame mbele ya hakimu. Maelezo yako yapo, yatolewe. Lakini hati ya kosa jipya, ambalo pengine hata hujui linahusu nini, ni habari nyingine: hapo hutangulii kituoni peke yako ukaanza kujieleza kwa mpelelezi ili kuonyesha huna hatia. Unakwenda na wakili, na wakili ndiye anayeongea. Kuna na ya tatu ambayo huwashangaza watu, ya shahidi. Shahidi aliyepelekewa hati ya wito akaipuuza anaweza kukamatwa na kuletwa mahakamani, yeye asiye na kosa lolote.

Nilitaka twende kesho yake. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Wakili alikataa, akasema tutakwenda Jumanne asubuhi, na hadi hapo nisiendeshe gari. Hesabu yake ilikuwa hivi. Sheria nyingi zinataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49, inataja saa 24. Lakini ibara hiyohiyo inaongeza kwamba saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa mahakama, au siku isiyo ya mahakama, basi ni hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ukishikwa Ijumaa jioni, Jumamosi na Jumapili ni zako humo ndani, na hakuna aliyevunja sheria. Jumatatu nayo hujaa watu wa mwisho wa wiki. Jumanne asubuhi hakimu yupo, karani yupo, na kuna siku nzima mbele yenu ikiwa jalada halionekani.

Katika kujiandaa nilikumbuka kwamba ile siku ya mlango uliofungwa nilipiga picha ile karatasi nimtumie msimamizi wangu kazini, aone kwamba kweli nilikwenda. Picha ilikuwa bado ipo kwenye simu, na tarehe na saa. Wakili aliitazama akatabasamu kwa mara ya kwanza. Tuliichapisha, tukaiambatanisha na hati ya kiapo yenye maelezo mafupi: nilifika, mlango ulikuwa hivi, namba yangu ya simu ni ileile, makazi yangu ni yaleyale. Hakutaka niandike jinsi nilivyoumia wala jinsi masjala ilivyozembea. "Hakimu hahitaji kukuonea huruma," alisema. "Anahitaji kitu cha kuandika kwenye jalada."

Ushahidi huo haukuwa pambo. Katika nchi kadhaa kutofika mahakamani ukiwa nje kwa dhamana ni kosa la kujitegemea, mbali na kesi ya awali. Uingereza iliweka hivyo kwa Sheria ya Dhamana ya 1976, na huko anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya msingi ni mshtakiwa mwenyewe. Cheti cha hospitali, tiketi ya basi lililoharibika njiani, ujumbe wa simu wa siku ile, picha ya mlango: hivyo ndivyo vinavyotenganisha mtu aliyekosekana na mtu aliyekimbia.

Mahakamani kwenyewe hakuna mengi ya kusimulia. Kesi yangu haikuwa kwenye orodha ya siku hiyo, kwa hiyo wakili alimwomba karani jalada lipelekwe mbele ya hakimu baada ya zilizopangwa. Tulingoja. Askari wa mahakama aliambiwa mimi ni nani, akaja kuketi kando yangu, mpole tu, lakini alipotaka kunywa maji aliniomba twende wote. Mjomba alikuwa benchi la nyuma na bahasha yake ya nyaraka za dhamana mapajani. Nilipoitwa nikapanda kizimbani, wakili akasema aliyokuwa nayo, mwendesha mashtaka akatazama picha na kusema hana pingamizi. Hakimu aliniuliza kama namba ya simu iliyo kwenye jalada ni yangu. Nikasema ni yangu. Akaandika kwa muda, kisha akasoma: hati imefutwa, dhamana inaendelea, barua kwa mdhamini imeondolewa, kesi itasikilizwa tarehe fulani. Ikawa imekwisha.

Nilimshukuru wakili nikitaka kwenda zangu. Akaniambia nikae.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike haya. Kufutiwa hati na hakimu si mwisho wa hati. Hati ilipotoka, ilisafiri: nakala kituoni, jina kwenye orodha, pengine kwenye kompyuta ambayo askari wa barabarani anaisoma. Kufutwa kwake nako kunapaswa kusafiri njia hiyohiyo, ila hakuna anayekimbiza. Anayetekeleza hati ana sababu ya kuharakisha. Wa kupeleka habari kwamba imekufa hana.

Mfano ninaoupenda ni wa Marekani, kwa kuwa ulifika hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 2004, jimboni Alabama, mwanaume mmoja alikwenda kwa miguu yake kwenye ofisi ya sherifu kuchukua kitu kutoka kwenye gari lake lililokuwa limezuiliwa. Mpelelezi aliyemfahamu akaulizia kama ana hati yoyote. Wilaya ile haikuwa nayo, ya jirani ikajibu inayo, ya kutofika mahakamani. Akafuatwa, akakamatwa, akapekuliwa. Kwenye dakika 10 hadi 15 hivi karani wa ile wilaya ya jirani, akitafuta karatasi yenyewe aitume kwa faksi, akagundua hati ilikuwa imeondolewa miezi 5 nyuma. Kwenye kompyuta ilibaki hai. Tayari walikuwa wamemkuta na dawa za kulevya na bastola. Katika uamuzi wa Januari 2009, kesi ya Herring dhidi ya Marekani, majaji 5 kwa 4 walisema ushahidi huo utumike, kwa sababu kosa la kumbukumbu lilikuwa uzembe tu na lilikuwa mbali na kitendo chenyewe cha kumkamata. Mwaka 1995 mahakama hiyohiyo ilikuwa imeruhusu jambo linalofanana na hilo katika kesi ya Arizona ambapo hati ilifutwa siku 17 kabla ya mtu kukamatwa kwayo. Simtetei mtu mwenye bastola. Ninachokiona ni kwamba hata mahali penye kompyuta kila ofisi, hati iliyofutwa iliendelea kukamata watu.

Kwa hiyo wakili alinikalisha tungoje amri ichapwe. Alipoipata aliisoma neno kwa neno na kuirudisha. Ilisema tu kwamba "hati dhidi ya mshtakiwa imefutwa". Alitaka iseme hati iliyotolewa tarehe gani, kwenye kesi namba gani, dhidi ya nani, jina lote kama lilivyo kwenye kitambulisho. Karani alikunja uso lakini akaandika upya. Tukachukua nakala kadhaa zilizothibitishwa kwa muhuri na saini. Moja nilipeleka mwenyewe kituo kilichotajwa kwenye hati, na nakala yangu nikagongewa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe na jina la aliyepokea. Bila muhuri huo, umempa mtu karatasi na kuondoka.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe kituo kile kilikuwa kimeshatuma jina langu kwenye kituo cha eneo ninaloishi, kitu cha kawaida kabisa, na huko hakuna aliyeandika kwamba mambo yamebadilika. Niligundua kwenye kizuizi cha barabarani, alasiri, nikiwa na leseni safi na gari zima. Askari alipiga simu, akasubiri, kisha akarudi na sura nyingine.

"Una hati ya mahakama."

"Ilifutwa, afande. Amri ninayo hapa."

Aliisoma. Nilimwona akisita, na kusita kwake ilikuwa haki yake. Muhuri wowote unaweza kughushiwa. Alisema karatasi anaiona ila jina bado liko kwenye orodha, na yeye ameagizwa kwa orodha. Katika sheria nyingi unaruhusiwa kuomba uonyeshwe hati unayokamatiwa, na askari anapaswa walau kukueleza imetolewa kwa nini. Niliomba hivyo, kwa sauti ya kawaida, bila kuchomoa simu kumrekodi na bila kumtajia majina ya wakubwa. Hakuwa na hati mkononi, barabarani hawatembei nazo. Tukaenda kituoni, yeye kwenye kiti cha abiria cha gari langu.

Kilichoniokoa ni ile amri iliyorudishwa kuandikwa upya. Mkuu wa zamu alifungua faili, akaitoa hati, akaiweka kando ya amri yangu. Namba ya kesi ileile, jina lilelile, tarehe ya hati imetajwa ndani ya amri, na amri ni ya baadaye. Kama ingesema tu "hati imefutwa", angekuwa na haki ya kuuliza ni hati ipi, huenda nina nyingine, na masjala ilikuwa inakaribia kufungwa. Alichora mstari juu ya jina langu kwenye orodha, akaandika tarehe pembeni, akachukua nakala moja. Nilimwomba agonge muhuri kwenye yangu. Aligonga.

Baada ya hapo wakili aliandika barua kuuliza ni wapi kwingine hati ilipelekwa. Kwa mtu anayetarajia kusafiri nje ya nchi hilo si la kuahirisha.

Jambo jingine dogo lilitokea katikati ya haya yote. Mtu asiyemfahamu alimpigia mjomba, akijiita ofisa wa mahakama, akasema kuna hati nyingine na inaweza kumalizwa leo kwa kutuma fedha kwa simu. Mjomba, ambaye kwa sasa alikuwa na elimu ya kutosha, alimwomba namba ya kesi. Simu ikakatika. Utapeli huu uko dunia nzima. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani imekuwa ikiwaonya wananchi juu ya wanaojifanya polisi au maofisa wa mahakama na kudai malipo ili hati ifutwe. Hati haifutwi kwa simu. Ukipigiwa, kata, kisha nenda au piga mahakamani kwa namba uliyoitafuta mwenyewe.

Kesi iliendelea, na mjomba akaendelea kuwa mdhamini, lakini ile barua ilikuwa imemkaa rohoni. Siku moja alinijia kwa staha, akaniambia umri umekwenda na angependa kujitoa. Nilimwelewa. Nikampeleka kwa wakili tukidhani ni kutia saini tu.

Mdhamini anaruhusiwa kujitoa wakati wowote, wakili alieleza, lakini mkondo wa kawaida wa sheria ni huu: akiomba kuondolewa, hakimu hutoa hati ya kukamatwa ili mshtakiwa aletwe mbele yake atafute mdhamini mwingine. Mjomba alinitazama, mimi nikamtazama yeye.

"Yaani nikijitoa, unakamatwa tena?"

"Isipokuwa ajisalimishe mwenyewe," wakili akasema. "Mnaweza kuja siku moja, saa moja, mlango mmoja. Mzee anaomba kuondolewa, huyu yupo palepale, mdhamini mpya yupo palepale. Hapo hati haina kazi."

Tukamtafuta binamu yangu mwenye ajira ya kudumu na nyaraka zake kamili. Wakili alipoulizwa siku, hakufikiri hata kidogo. Jumanne.